Dawa za sukari na vinyama vya utumbo mpana: kabla hujatupa metfomini yako soma hapa

Mjukuu wa Handeni (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mama mmoja anaongea kwa uchungu kabisa kwamba vidonge vya sukari vinaotesha vinyama kwenye utumbo, na vinyama hivyo ndo baadae vinakuwa kansa, kwahiyo watu waache vidonge warudi kwenye mlonge na mbegu za parachichi. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni kusimama kaunta, na watu wameanza kuja kuuliza. Hao wanaouliza sio shida, shida ni wale wanaoacha kimyakimya, unaona mwezi unakatika mtu hajaja kuchukua dawa zake, ukimpigia anakwambia naendelea vizuri tu. Ndo maana nimekaa chini niandike, ni ndefu, mwenye haraka asave.

Kwanza hivyo vinyama. Kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana huwa vinaota vinyama vidogo, hospitali wanaviita polipu. Vingine havina neno kabisa, ila kuna aina inaitwa adenoma, hiyo ndo ya kuangaliwa kwasababu kansa nyingi za utumbo mpana zinaanzia hapo. Adenoma nyingi hazigeuki kuwa kansa maisha yote, na zinazogeuka zinachukua muda, mara nyingi miaka 10 hivi au zaidi. Hazina maumivu, unaweza ukatembea nazo ukiwa unakula unashiba unaenda kazini kama kawaida. Ikionekana kwenye kipimo cha kamera, ile inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, inakatwa palepale, kipande kinaenda maabara, na mlango wa kansa kwa kinyama hicho umeshaufunga.

Sasa mtu mwenye kisukari aina ya pili kweli yuko kwenye hatari zaidi ya kansa ya utumbo mpana kuliko asiye nacho, tafiti zikijumlishwa zinaonyesha kama asilimia 30 zaidi. Lakini hatari hiyo inatoka kwenye ugonjwa wenyewe. Mwili wa aina ya pili hauitikii insulini vizuri, kongosho linazidi kumwaga, mtu anaishi na insulini nyingi kwenye damu miaka kadhaa kabla hata hajajua ana sukari, na insulini haishushi sukari tu, inazihimiza pia seli zikue na zigawanyike. Ongeza kitambi, kukaa kwenye kiti kutwa nzima, sigara na pombe kwa wanaotumia, hapo utumbo umeshapata mazingira.

Metfomini, hicho kidonge cha sukari kinachosingiziwa, inafanya kinyume chake. Inapunguza sukari inayotengenezwa na ini na inafanya mwili uitikie insulini vizuri, kwahiyo insulini ya kwenye damu inashuka. Halafu inaamsha kimeng'enya kinaitwa AMPK ambacho kazi yake moja ni kuzizuia seli zisikue hovyo. Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa Peutz-Jeghers, watu wake wanaota vinyama vingi tumboni na wanakuwa na madoa meusi midomoni, na jeni iliyoharibika kwao ndo ileile inayotakiwa kuiamsha AMPK. Mi nikisoma hapo huwa nasema basi kuna kitu.

Na kimejaribiwa kwa watu, sio panya tu. Wajapani wa Yokohama walichukua watu 151 wasio na kisukari ambao walishakatwa vinyama, nusu wakawapa metfomini miligramu 250 kwa siku, nusu kidonge kisicho na dawa, mwaka mmoja, wakawarudisha kwenye kamera. Waliokutwa na adenoma mpya upande wa metfomini ni kama 31 kwenye 100, upande wa pili kama 52 kwenye 100. Imechapishwa 2016 kwenye jarida la Lancet Oncology. Na angalieni dozi, miligramu 250, hapa kwetu mgonjwa wa kawaida anameza 500 mara mbili kwa siku na wengine zaidi.

Kwahiyo dawa inayosingiziwa kuotesha vinyama ndo hiyo iliyoonekana kuvipunguza. Karibuni.

Kobe Mkimbiaji

Nimekaa siti ya mbele. Mods msiuunganishe huu uzi.

Mama Nuru wa Mbagala

Mkuu mi ndo nimechanganyikiwa zaidi, umesema asilimia 30, ina maana kwenye wagonjwa 100 wa sukari 30 wanapata kansa ya utumbo? Mbona ni wengi sana jamani, mume wangu ana sukari huu mwaka wa kumi na kitu

Mjukuu wa Handeni

Hapana dada yangu, ndo kosa la watu wengi na hata redioni wanalisema hivohivo. Ni asilimia 30 juu ya ile hatari ya kawaida. Tuseme mfano tu, kwenye watu 1000 wasio na sukari wangeugua 10, basi kwenye 1000 wenye sukari wangeugua 13. Hao watatu ndo hiyo asilimia 30. Mzee asikose dawa zake, na ukinijibu hapa ana umri gani na kama choo chake kimebadilika siku hizi tutaongea vizuri.

Jicho la Tatu

Mimi sibishi kwamba metfomini ni dawa nzuri ila nyie watu wa famasi msije mkatuuzia kama kinga ya kansa. Nimesoma takwimu kidogo chuoni, hizi tafiti nyingi za nyuma zilizosema metfomini inapunguza kansa, kuanzia ile ya Scotland ya 2005 kwenye jarida la BMJ, zilikuwa za kuchungulia mafaili ya wagonjwa, nani alimeza nani hakumeza, nani aliugua. Watafiti wakina Suissa na Azoulay wakaja 2012 kwenye jarida la Diabetes Care wakasema nyingi ya tafiti za namna hiyo zina kasoro ya muda. Ukimuweka mtu kwenye kundi la "waliomeza metfomini" tangu siku anaingia kwenye utafiti wakati dawa alianza miaka mitatu baadae, ile miaka mitatu lazima alikuwa hai na hana kansa maana angeugua mapema asingefika kwenye kumeza, kwahiyo umeipa dawa sifa ya bure. Ni kama useme kustaafu kunarefusha maisha kwa sababu wastaafu wote wamevuka miaka 60 wakati wafanyakazi wengine wanafariki na 40, sa mstaafu angestaafu vipi bila kufika huko? Wakirekebisha hiyo kasoro ile faida inapungua sana, kwenye baadhi ya tafiti inapotea kabisa.

Hao wa Yokohama nawakubali maana walipanga watu kwa bahati nasibu, ila watu 151, mwaka mmoja, na waliishia kuhesabu vinyama, kansa hawakuhesabu, na waliorudi kwenye kamera ni 133. Kidogo sana hicho kujenga hoja ya nchi nzima.

Mjukuu wa Handeni

@Jicho la Tatu nakubaliana na wewe kwenye hilo na sijamwambia mtu ameze metfomini kujikinga na kansa. Hakuna mamlaka ya dawa ninayoijua iliyoisajili kwa kazi hiyo. Asiye na sukari akija kaunta kwangu anaitaka "ya kusafisha utumbo" harudi nayo. Hoja yangu ni ndogo kuliko unavyoifikiria: hakuna ushahidi kwamba inaotesha vinyama, na ushahidi mdogo uliopo unaelekea upande wa pili. Kwa mgonjwa wa sukari anayeimeza kwa ajili ya sukari hilo linatosha.

Simba wa Kwa Mtoro

Mbona 2020 Wamarekani waliitoa sokoni metfomini kwasababu ya kansa? Au hilo hamlisemi maana mnauza. Dawa za wazungu zote hizi ni sumu, babu zetu walikula mizizi na hawakujua kansa

Mjukuu wa Handeni

Swali zuri ukiondoa hayo maneno ya mwisho. Mei 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaomba watengenezaji watano waondoe baadhi ya matoleo ya metfomini ile ya kuyeyuka taratibu, ile ya kumeza mara moja kwa siku, kwasababu walikuta uchafu unaitwa NDMA umezidi kiwango. NDMA ndo ileile iliyokutwa kwenye ranitidini ya vidonda vya tumbo na huko nyuma 2018 kwenye valsatani ya presha. Ni uchafu wa kiwandani, metfomini yenyewe haina kosa, na vidonge vya kawaida vya kumeza mara mbili havikuhusika. FDA hao hao wakawaambia wagonjwa wasiache dawa mpaka waonane na daktari. Na kwa taarifa yako NDMA kidogokidogo ipo hata kwenye nyama choma unayoipiga kila wikiendi.

Halafu mizizi unayoisema, metfomini yenyewe asili yake ni mmea. Ulaya kulikuwa na mmea unaitwa galega wakiutumia kwa mtu anayekojoa sana, wakaja kugundua una kemikali inayoshusha sukari ila mbichi ina sumu, wakaichakata miaka na miaka mpaka daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Wamarekani wenyewe waliiruhusu 1994, miaka karibu 40 baadae. Kwahiyo mlonge sikatai, ila mlonge wa kwenye chupa ya mtumba haujapita huko.

Nesi Mstaafu

Wanangu nimeufurahia huu uzi. Nimefanya kazi wodini na kliniki ya sukari muda mrefu, naomba niongeze vitu ambavyo mnavipita haraka.

La kwanza damu kwenye choo. Watu wetu wakiona damu wanasema bawasili. Mtu anaenda kwa mganga anapewa dawa ya kupaka, anakaa mwaka mzima anapaka, damu inaendelea, anakonda, anaongezewa damu bila mtu kuuliza inapotelea wapi, akija kupelekwa kwenye kamera uvimbe umeshaziba njia. Bawasili ipo na ni nyingi, lakini bawasili anaithibitisha mtu aliyekuangalia, sio jirani yako. Mtu wa miaka 40 na kuendelea anayepungukiwa damu bila sababu, au choo kilikuwa hivi sasa kimekuwa vile kwa wiki kadhaa, huyo aende.

La pili ni kuharisha. Metfomini inasumbua tumbo, hasa mwanzoni, gesi, kunguruma, kuharisha, maana dawa inajikusanya sana kwenye kuta za utumbo kuliko kwenye damu. Kwa wengi inatulia baada ya wiki chache, na ukianza na dozi ndogo ukameza katikati ya chakula inasaidia, ikishindikana daktari anakubadilishia ile ya kuyeyuka taratibu. Sasa mtu amemeza miaka 8 tumbo lake liko shwari, mwaka wa 9 anaanza kuharisha anafunga anaharisha anafunga, halafu anaambiwa "ni metfomini hiyo". Hapana. Dawa kuanza kusumbua mwaka wa 9 ni nadra, atafutwe kwanza kitu kingine.

Na miguu kufa ganzi pia, sio kila ganzi ni sukari. Metfomini ya miaka mingi inapunguza vitamini B12, na B12 ikipungua miguu inakufa ganzi hivohivo na damu inapungua. Ombeni kipimo.

Mama Nuru wa Mbagala

Asante nesi Mungu akubariki. Mume wangu ana 57. Choo sijui, hawezi kuniambia huyo. Ila yeye alishabadilishwa sasa hivi anachoma insulini jioni na metfomini anameza. Sasa kama insulini ndo inahimiza seli kukua si ndo tunammaliza jamani?

Mjukuu wa Handeni

Dada usimtoe kwenye insulini hata siku moja kwa sababu ya huu uzi, nakuomba sana. Ngoja nieleze hili kwa kirefu kidogo maana nilijua litakuja.

Ni kweli kuna tafiti za kwenye mafaili zilizoona wanaochoma insulini muda mrefu wana vinyama na kansa ya utumbo zaidi. Mojawapo ilitumia kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza ikatoka 2004, wakaona kama mara mbili. Lakini nani anaanzishiwa insulini kwenye aina ya pili? Ni yule sukari imemchosha miaka mingi, vidonge vimeshindwa, mara nyingi ana uzito. Huyo hatari yake ilikuwa juu kabla sindano haijafika. Ndo yaleyale ya @Jicho la Tatu, mafaili yanakuonyesha nani kaugua, hayakwambii kwanini.

Wakaja kufanya ule utafiti mkubwa unaitwa ORIGIN, watu 12,537, wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakachomwa insulini ya kukaa muda mrefu inaitwa glarjini, nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida, wakafuatiliwa miaka 6 na ushee. Matokeo yakatoka 2012, upande wa kansa pande zote mbili sawasawa kabisa. Sasa hapo miaka 6 kwa kinyama kinachochukua miaka 10 mtu anaweza akabisha, sawa, ila sukari ikiwa 20 haisubiri miaka 10. Inachukua macho, figo na miguu mapema sana. Mzee aendelee kuchoma, na kwa umri huo wa 57 na sukari ya muda mrefu aombe kupimwa utumbo, hata kama choo chake hakisemi kitu.

Kobe Mkimbiaji

Na zile sindano za wakubwa za kupunguza mwili, Ozempic na wenzake, zenyewe je?

Jicho la Tatu

Hizo kuna utafiti wa 2023 kwenye JAMA Oncology, mafaili ya wagonjwa wa sukari zaidi ya milioni moja Marekani, waliotumia dawa za kundi hilo walipata kansa ya utumbo kwa asilimia 44 pungufu ukilinganisha na wanaochoma insulini, na asilimia 25 pungufu ukilinganisha na metfomini. Ila ni mafaili tena. Na wanaopewa Marekani ni wenye bima nzuri, ambao hao hao ndo wanaopimwa utumbo mapema na kukatwa vinyama. Kwa bei yake hapa bongo tusijadiliane sana.

Simba wa Kwa Mtoro

Bado nasema Mwafrika haumwi utumbo, hii ni magonjwa ya wazungu

Nesi Mstaafu

Mwanangu hilo lilikuwa kweli kiasi enzi zetu. Kulikuwa na daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 mpaka ya 1960, ndo aliyeeleza ile kansa ya taya ya watoto inayoitwa kwa jina lake. Yeye aliandika 1971 kwamba kansa ya utumbo mpana na vinyama vyake ni adimu sana kwa Waafrika wa vijijini, akasema ni sababu ya makapi kwenye chakula, watu wanakula dona, mtama, maharage, matembele, choo kinapita haraka. Sasa niambie wewe leo unakula nini. Sembe nyeupe, chipsi mayai, soda, bodaboda mpaka mlangoni. Afrika ya Burkitt haipo tena, na sukari yenyewe wakati ule ilikuwa nadra kuliona faili lake. Magonjwa haya mawili yamekuja na gari moja.

Bwana Mdogo wa Sinza

Mi ningependa kujua hiyo kamera ikoje kwa mtu wa sukari maana mzee wangu ameandikiwa hospitali moja hapa mjini na wakampa karatasi tu ya dawa ya kusafisha tumbo, hawakumwambia chochote kuhusu vidonge vyake na sindano. Siku inayotangulia haruhusiwi kula, sasa ameze au asimeze?

Mjukuu wa Handeni

Kijana rudini au mpige simu kabla ya siku yenyewe, hiyo ni lazima waiseme. Siku ya kunywa dawa ya kusafisha mtu hali, akimeza vidonge kama glibenklamidi au kuchoma insulini dozi ileile sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Kwahiyo dozi za insulini zinapunguzwa, vidonge vya kundi la glibenklamidi mara nyingi vinasimamishwa, metfomini kwa kawaida hamezi asubuhi ya kipimo, na kama yupo kwenye zile mpya zinazotoa sukari kwenye mkojo, dapaglifulozini, empaglifulozini, hizo zinaachwa siku 3 kabla kwasababu zinaweza kuleta asidi kwenye damu. Lakini kiasi gani na saa ngapi anapanga daktari wake, usichukue kwangu.

Ombeni mzee awe wa kwanza asubuhi. Apime sukari kwa kidole mara kwa mara ile siku, na awe na kitu chepesi chenye sukari cha kunywa kisicho na rangi nyekundu, maana nyekundu kwenye kamera inafanana na damu. Na waambieni ana sukari ya muda gani, kwasababu sukari ya miaka mingi inaufanya utumbo uwe mvivu, wengine hawasafiki kwa dozi ya kawaida, kipimo kinafanyika utumbo mchafu na vinyama vidogo havionekani. Hela imeenda na jibu hamna.

Mama Nuru wa Mbagala

Na kama hatuna hela ya kamera? Bima yetu nayo ni ya shida

Nesi Mstaafu

Mama kuna kipimo cha choo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, ni rahisi zaidi, hospitali nyingi za mkoa na maabara za kulipia wanacho. Kikitoka na damu ndo anaenda kwenye kamera, hapo hata kuomba msaada wa ustawi wa jamii una karatasi mkononi. Kikitoka safi anarudia kila mwaka, asidhani amemaliza. Ila kama ana dalili, damu anaiona au anakonda, asipitie huko, aende moja kwa moja kwenye kamera.

Bwana Mdogo wa Sinza

Wakuu mrejesho. Tulirudi wakatupangia upya dawa, mzee alifanyiwa, wakakuta vinyama viwili vidogo wakakata. Majibu ya maabara yametoka, adenoma zote mbili, chini ya sentimita moja, hazina seli mbaya. Yeye sasa anataka aongezewe dozi ya metfomini "zisiote tena" na anataka apigwe kamera kila mwaka.

Mjukuu wa Handeni

Hongereni sana. Metfomini dozi yake inapangwa na sukari na figo, figo zikishuka sana inasimamishwa kabisa, kwahiyo asiiongeze mwenyewe. Kuhusu kurudi, Wamarekani kwenye mwongozo wao wa 2020 wanasema adenoma moja au mbili zilizo chini ya milimita 10 na utumbo ulikuwa msafi ni miaka 7 mpaka 10. Zikiwa 3 au 4 ni miaka 3 mpaka 5, zikiwa 5 mpaka 10 au moja yenye milimita 10 au zaidi ni miaka 3. Daktari wake anaweza kuvuta karibu kidogo kwa ajili ya sukari au kama utumbo haukusafika, muulizeni hilo la usafi limeandikwa kwenye ripoti. Na nyie watoto mkifika 40 na kitu mseme hospitali kwamba mzee alikutwa na adenoma, iandikwe kwenye faili.

Bwana Mdogo wa Sinza

Ripoti imeandikwa "usafi wa wastani". Ntamuuliza kliniki ya Alhamisi.